Mgonjwa Wetu Si Fumbo

Mwaka jana klabu yetu ya vitabu ilisoma The Silent Patient ya Alex Michaelides, riwaya iliyotoka mwaka 2019. Tulikuwa tisa barazani, chai ya tangawizi mezani, na kila mmoja alikiri kwamba alikesha nayo. Mimi pia nilikesha. Naanza na hilo ili mtu asiseme naishambulia kwa sababu ilinishinda kuimaliza.

Kwa ambao hawajaisoma, samahani, nitawaharibia mwisho. Alicia Berenson, mchoraji anayeishi London, anampiga mumewe risasi tano usoni, kisha hasemi tena. Anawekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili waliotenda jinai. Theo Faber, mtaalamu wa tiba ya kisaikolojia, anatafuta kazi hapo ili amfungue kinywa. Karibu kitabu kizima tunamfuata Theo, tukisubiri mwanamke aseme, mpaka tunagundua kwamba Theo mwenyewe alikuwamo ndani ya nyumba ile usiku wa mauaji.

Tulipomaliza kuusifu mwisho huo, mwenzetu mmoja, mwalimu, mtu asiyeweza kuua hata mende, alisema: "Ndiyo maana mimi hao watu nawaogopa. Unaishi naye vizuri, kumbe kichwani anapanga kukumaliza." Watu wakacheka. Mimi nikanywa chai yangu. Nyumbani kwetu yuko mmoja wa hao watu, ni mdogo wangu, na pale barazani sikuwa nimemwambia yeyote.

Sasa nasema. Mdogo wangu aliugua akiwa na miaka 22. Jioni moja alimrushia mama mdogo kigoda, kikampasua juu ya jicho. Alishonwa nyuzi sita. Mwandishi wa riwaya ya taharuki angeanzia hapo hapo: kigoda hewani, damu, macho ya kijana yasiyopepesa. Sura ya pili angemleta daktari mwenye siri zake. Lakini mimi nilikuwapo, na mambo hayakuanzia kwenye kigoda. Wiki mbili kabla, vijana wa stendi walimpiga wakidhani ni mwizi, kwa kuwa alikuwa akizunguka kati ya mabasi huku akiongea peke yake. Baada ya hapo sisi, familia yake, tulimfunga mikono kwa kamba usiku mbili, tukijiambia kwamba ni kwa usalama wake. Kisha akapelekwa kwenye maombezi, akanyimwa chakula siku tatu na kuchapwa fimbo ili kilichomwingia kimtoke. Nikihesabu mapigo ya mwezi ule, yeye alipiga mara moja. Waliompiga yeye siwezi kuwamaliza kuwahesabu, na baadhi yao nakula nao meza moja.

Hiyo ndiyo kesi yangu dhidi ya riwaya hizi. Zinahesabu pigo moja tu, lile linalotoka kwa mgonjwa. Mengine yote yanageuzwa kuwa mandhari.

Mtambo wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alimaliza filamu ya Psycho kwa kumsimamisha daktari wa akili mbele ya polisi, atufafanulie kichwa cha muuaji kana kwamba anafungua redio mbovu. Mwaka 1981 Thomas Harris akatupa Hannibal Lecter, daktari wa akili anayekula watu, na filamu ya 1991 iliyotokana na riwaya ya pili yenye Lecter ikazoa tuzo tano kubwa za Oscar. Kati ya hizo mbili na baada yake zipo nyingine zisizohesabika. Daktari anaweza kuwa mwema, anaweza kuwa shetani, anaweza kuwa yeye ndiye mwendawazimu. Mgonjwa habadiliki: ni sanduku lililofungwa, na raha ya msomaji ni kusikia kufuli likilia.

Nitaambiwa kwamba Michaelides ameupindua mtambo huo, maana mwenye hatia kwake ni mtabibu. Kweli, na nampa sifa yake. Hata shajara ya Alicia tunaisoma. Lakini tazama hatia yenyewe ni ya namna gani. Ni wivu wa mume mmoja, usiku mmoja, nyumba moja. Hospitali inabaki jengo la kutisha tu. Sheria iliyomweka Alicia mle ndani haiulizwi swali. Tunafunga kitabu tukiamini kwamba ukatili ni siri iliyofichwa kifuani mwa mtu, na kwamba anayeichimbua siri hiyo amemaliza kazi.

Anayetaka hadithi ya daktari aliyetibu watu wakatili, iliyotokea kweli, asome sura ya tano ya kitabu alichochapisha Frantz Fanon mwaka 1961, mwaka wa kifo chake. Fanon, mzaliwa wa Martinique, alifika hospitali ya Blida-Joinville, Algeria, mwishoni mwa mwaka 1953. Mwaka uliofuata vita vya ukombozi vikaanza. Wodi zake zikapokea waliotesa na walioteswa.

Inspekta mmoja wa polisi, Mzungu wa miaka 30, alikuja kutibiwa kwa sababu alikuwa anawapiga wanawe, hata kichanga, na usiku mmoja alimfunga mkewe kwenye kiti akampiga. Kazini alikuwa anatesa watu kwa saa nyingi kila siku. Hakutaka kuiacha kazi. Alimwomba Fanon amsaidie aendelee kutesa kwa utulivu, bila majuto na bila kuvuruga nyumba yake. Polisi mwingine, katika matembezi ndani ya eneo la hospitali, alikutana uso kwa uso na Mwaljeria aliyekuwa amemtesa, naye akitibiwa pale pale. Fanon alimkuta polisi yule ameegemea mti, anatetemeka, jasho linamtoka. Mwaljeria yule alipatikana baadaye chooni akijaribu kujiua, maana aliamini polisi wamekuja kumchukua tena.

Niliposoma kisa hicho sikulala pia, ila kwa sababu nyingine. Hakuna kufuli la kufungua pale. Kila mtu anajua kilichotokea, nani alimfanyia nani, kwa amri ya nani. Linalobaki ni swali ambalo riwaya za taharuki hazithubutu kuliuliza: daktari afanye nini, iwapo kumponya mgonjwa ni kumrudisha kazini akatese? Mwaka 1956 Fanon alijiuzulu.

Na katika sura ile ile anamtaja mtu anayetuhusu sisi wa upande huu wa Afrika. J. C. Carothers, daktari wa Kiingereza, aliongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 akaiandikia serikali ya kikoloni maelezo ya saikolojia ya Mau Mau. Watu walikuwa wamenyang'anywa ardhi na kufungiwa kambini. Daktari akaitafuta sababu ya hasira yao ndani ya mafuvu yao.

Simwiti Michaelides mkoloni. Ninachosema ni kwamba zoea lenyewe ni moja: kulikata pigo kutoka kwenye mnyororo wa mapigo yaliyolitangulia, kulilaza mezani, kisha kumwita mtaalamu atuonyeshe lilivyo la ajabu. Zoea hilo liliwafaa watawala. Leo linatufaa sisi wasomaji, kwa sababu tukishamtazama mgonjwa kama fumbo, hatuna haja ya kujitazama sisi tulioshika kamba.

"Lakini ni hadithi tu," mwalimu yule aliniambia nilipomweleza haya wiki iliyofuata. Hapana, mwalimu wangu. Wewe mwenyewe ulitoka kwenye hadithi ukaja moja kwa moja kwa "hao watu". Watafiti wamesema kwa miaka mingi kwamba walio wengi kati ya wenye ugonjwa wa akili hawamdhuru mtu, na kwamba wao hudhuriwa zaidi kuliko wanavyodhuru. Sentensi hiyo haina mvuto barazani. Kumbe kigoda kikiruka, kila mtu anasogeza kiti karibu.

Sikatai kwamba wapo wagonjwa walioua. Sheria ya Tanzania inairuhusu mahakama kuamua kwamba mtu alitenda kitendo, lakini kwa sababu ya ugonjwa wa akili hana hatia, na wengi wa hao wanajulikana Isanga, Dodoma. Andikeni juu yao. Andikeni mtu anayeishi bila hatia na bila tarehe ya kutoka. Andikeni muuguzi wa zamu ya usiku, ndugu walioacha kuja, kijiji kisichotaka kumpokea hata akipona. Humo mna taharuki ya kutosha riwaya kumi, wala haihitaji daktari mla watu.

Yetu sisi naweza kuwasimulia kwa sentensi chache. Mdogo wangu anachomwa sindano kila mwezi. Akiipata, anafuga kuku, anabishana juu ya Simba na Yanga, ananiuliza nasoma nini. Mwezi uliopita dawa ilikuwa imekwisha kituoni. Siku ya nne akaanza kukosa usingizi. Siku ya saba akaacha kuwalisha kuku. Mama mdogo, yule mwenye kovu juu ya jicho, alihamishia godoro lake sebuleni ili alale karibu naye, na kila asubuhi alipiga simu kituoni kuuliza kama gari la dawa limefika. Lilifika siku ya kumi na moja.

Katika siku hizo hakuna aliyemwogopa mdogo wangu. Tuliogopa stendi.

Mwezi ujao ni zamu yangu kuchagua kitabu. Nimechagua Fanon, sura ya tano, na nimeomba tukutane nyumbani kwetu. Mdogo wangu amesema atapika chai yeye.