Kupoza au Kupooza? Kiswahili Mbele ya Mitambo ya Kunasa Kaboni

Wapo wenzetu katika taaluma hii ambao, wakisikia kwamba mwanafunzi wa fasihi ameandika kuhusu mitambo ya kupoza gesi, watauliza: mambo hayo na ushairi wapi na wapi? Nami ningeuliza vivyo hivyo, lau si kisa kilichonifika mwaka jana.

Rafiki yangu mmoja, mwanafunzi wa uhandisi, alihitaji chombo cha kupozea gesi ya kaboni dioksaidi kwa ajili ya utafiti wake wa kunasa kaboni. Chombo chenyewe hakiuzwi dukani. Ilibidi kiundwe na fundi wa majokofu, mzee aliyebobea katika kazi yake ila asiyekuwa na haja na Kiingereza cha vitabu vya uhandisi. Rafiki yangu akanijia na karatasi mbili. “Wewe ndiwe mtu wa Kiswahili,” akasema, “nitafsirie.” Nilijitapa kwamba hiyo ni kazi ya jioni moja. Siku tatu baadaye nikampelekea fundi maandishi yaliyosheheni istilahi za kamusi. Akayasoma, akatabasamu, akaniuliza, “Mwanangu, hiki chombo ni cha kupoza au cha kupooza? Maana kikipooza, kimekufa.” Nilikuwa nimeongeza irabu moja tu, na chombo cha watu kikapatwa na kiharusi.

Naomba msomaji anivumilie nieleze kwa nini upozaji ni jambo zito kiasi hicho. Gesi itokayo kwenye bomba la moshi la kiwanda huwa moto mno. Viowevu vinavyotumiwa sana kuinasa huifyonza vizuri kwenye nyuzi 40 hivi za Selsiasi, kisha hupashwa hadi nyuzi 120 hivi ili viiachilie, halafu hupozwa tena virudie kazi. Baada ya hapo gesi hushindiliwa ili ichukue nafasi ndogo, na kushindilia huzaa joto, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kutia baiskeli upepo akaishika pampu. Kwa hivyo hupozwa tena na tena. Isitoshe, gesi hii ina tabia moja ya ukaidi: ikiwa na joto linalopita nyuzi 31, haigeuki kuwa kiowevu hata uishindilie vipi.

Hapo ndipo mitambo ya kuagiza inapotuonyesha upungufu wake. Wanorwe, walioanza kuizika gesi hii chini ya bahari huko Sleipner mwaka 1996, wana maji baridi karibu yao. Mradi wao mwingine, Northern Lights, ulioanza kuzika mwaka 2025, huisafirisha kwa meli ikiwa kiowevu chenye ubaridi wa nyuzi 26 hivi chini ya sufuri. Sasa uchukue mtambo unaotegemea maji ya namna hiyo uupeleke Lodwar adhuhuri, ambako hewa yenyewe mara nyingi imeshapita nyuzi 31! Naivasha nako kuna baridi ya kupendeza, lakini mji uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano, na feni inayopuliza hewa nyepesi huondoa joto kidogo. Mtambo wa kuagiza ni kama mtumba: pengine utakukaa, pengine utakubana kwapani. Wa utafiti hauna budi kushonwa kwa kipimo.

Na kipimo hutajwa kwa lugha. Huu ndio msimamo wangu, na najua una wapinzani. Wao hudai kwamba wahandisi wetu husomea Kiingereza, basi Kiswahili kina kazi gani hapo? Jawabu langu ni kwamba mikono inayokunja mabomba na kuyachomelea hupokea maagizo kwa Kiswahili kila uchao. Tukiyaacha maagizo hayo yavuje njiani, tutaendelea kununua mitumba.

Si mafundi peke yao. Octavia Carbon, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2022, imekuwa ikiunda mashine za kunasa kaboni moja kwa moja kutoka hewani, na imelilenga Bonde la Ufa kwa sababu ya jotoardhi na miamba yake ya volkeno. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, iliyorekebishwa mwaka 2023, inadai mapatano na jamii pale miradi ya kaboni inapokuwa kwenye ardhi ya umma au ya jamii. Mzee wa Gilgil atauliza swali moja: je, gesi hii itafufuka? Kule Hellisheiði, Aisilandi, gesi iliyoyeyushwa katika maji na kuingizwa kwenye mwamba wa volkeno mwaka 2012 iligeuka jiwe, zaidi ya asilimia 95 yake, katika muda usiofika miaka miwili. Nimelisema hilo bila istilahi hata moja ya kutisha. Ila mwamba wa Aisilandi si mwamba wa Gilgil, na hilo nalo sharti mzee aambiwe kwa lugha anayoweza kuihoji.

Mintarafu ya istilahi, sisemi tuzitupe tulizo nazo. Inasemekana jokofu ni joko lililokufa, na sijui mshairi angefanya nini bora zaidi. Lakini karakanani nilijifunza kwamba fundi hachanganyi kupoa, kuzizima na kuganda. Kwake ni hatua tatu zenye vipimo vitatu, nami katika tafsiri yangu nilizimeza zote kwa neno “baridi”. Laiti angenifuata, mabomba yangaliziba barafu. Maneno hayo matatu ni ya bibi zetu; hayakusubiri kamati yoyote.

Karatasi tuliziandika upya pale pale, yeye akisema, nami nikiandika. Tulipofika kwenye “presha” nilimsihi tuandike “kanieneo”. Alifikiri kidogo, akasema niiweke, mradi iwe kwenye mabano na presha itangulie.