Diski ya akiba pekee haitoshi kulinda rekodi za umma

HATIMILIKI za ardhi, stakabadhi za ushuru, leseni na rekodi za wagonjwa sasa huhifadhiwa katika diski za tarakilishi ambazo mwananchi hazioni wala hajui ziliko. Jukwaa la eCitizen pekee limeunganishwa na maelfu ya huduma za serikali.

Hata hivyo, mjadala kuhusu usalama wa rekodi hizo umewalenga zaidi wadukuzi, hasa baada ya shambulio la Julai 2023 lililotatiza jukwaa hilo. Hatari nyingine, isiyo na kelele, ni kuharibika kwa diski zenyewe.

Kila diski ina siku yake ya kufa. Kwa kulitambua hilo, wasomi David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha mwaka wa 1988 waraka uliopendekeza diski nyingi za bei nafuu ziunganishwe na kutumika kama moja. Hesabu za ziada huandikwa pamoja na data, ili diski moja ikifa, yaliyokuwemo yakokotolewe upya kutoka kwa zilizosalia. Mpango huo, unaoitwa RAID, ungali msingi wa mitambo mingi ya kuhifadhi data.

Ili pengo lisikae wazi, mtambo huwekewa diski ya akiba. Hiyo huwa imechomekwa na ina umeme, ila haina kazi. Nyingine inapokufa, mtambo huishika ya akiba bila kungoja fundi na kuanza kuijaza. Utaratibu huu umeokoa taasisi nyingi, lakini una udhaifu ambao wasimamizi wengi hawauzingatii.

Kwanza ni muda. Kuijaza diski kubwa ya siku hizi huchukua saa nyingi, wakati mwingine siku kadhaa, na kwa muda huo zile zilizosalia husomwa mfululizo. Katika mpango wa RAID 5, ambao huhimili kifo cha diski moja tu, nyingine ikifa kabla ya kazi hiyo kukamilika data hupotea. RAID 6 huhimili vifo viwili, na ndiyo sababu wahandisi huipendelea diski zinapokuwa kubwa.

Pili ni asili ya diski zenyewe, ambazo mara nyingi hununuliwa siku moja kutoka kiwanda kimoja. Novemba 2019, kampuni ya Hewlett Packard Enterprise iliwaonya wateja kwamba baadhi ya diski zake za SSD zingekufa zikitimiza saa 32,768 za kuwashwa, yaani miaka mitatu, siku 270 na saa nane, kutokana na kasoro katika programu yake ya ndani. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini diski ya akiba iliyowashwa pamoja na wenzake ingefikia ukomo pamoja nao. Dawa ilikuwa kusahihisha programu hiyo mapema.

Tatu, ufanisi wa diski ya akiba huficha ugonjwa. Huduma zinaendelea, taa ya hitilafu inawaka katika chumba kisicho na mtu, na hakuna anayeagiza diski mpya. Nyingine inapokufa, akiba imekwisha. Fundi naye, akifika kwa pupa, anaweza kuchomoa diski nzima na kuiacha mbovu.

Mataifa tajiri hayajasalimika. Desemba 2016, diski 12 kati ya takriban 800 ziliharibika katika mtambo wa mamlaka ya ushuru ya Australia na kuzima huduma zake nyingi. Ilibainika kuwa hata zana za kurejesha mfumo zilihifadhiwa katika mtambo ule ule. Miezi miwili awali, Chuo cha King's College London kilipoteza baadhi ya data baada ya ukarabati wa kawaida wa kifaa kimoja kuuangusha mtambo mzima, kwani si kila kitu kilikuwa na nakala kwingine.

Septemba 2025, moto katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini, uliteketeza terabaiti 858 za kazi za watumishi wa umma zisizokuwa na nakala nje ya jengo hilo. Hapo diski za akiba, hata zingekuwa mia, zisingefaa kitu.

Kwa Kenya, sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawataka wanaohifadhi data ya watu wawe na uwezo wa kuirejesha kwa wakati ajali inapotokea. Nayo Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inaruhusu mikataba ya muda ambayo taasisi inaweza kutumia kuagiza vipuri bila kuanza zabuni upya kila diski inapokufa.

Kinachohitajika ni wasimamizi kuulizwa maswali mepesi: ni nani hupokea onyo diski inapokufa, mpya huwekwa baada ya siku ngapi, nakala ziko wapi nje ya jengo, na ni lini mara ya mwisho zilijaribiwa kurejeshwa? Mwenye shamba ambaye hatimiliki yake iko katika diski hizo anastahili majibu kabla taa ya hitilafu haijawaka.