Usiniambie Inahusu Nini

Na Mwanaidi Shekue
Safu: Kioo cha Jumapili

Kuna watu hawaendi kutazama filamu mpaka wawe wameshaimaliza. Wamesoma uchambuzi, wamepitia vionjo vyote, wanajua nani anamsaliti nani na nani anakufa. Wakikaa mbele ya kioo, kazi yao ni kuhakiki tu kama mzigo umefika kamili. Hao ni wakaguzi, si watazamaji, na huwa nawahurumia zaidi picha yenyewe inapokuwa kama RRR.

RRR ni filamu ya Kitelugu ya S.S. Rajamouli, iliyoingia kwenye majumba ya sinema tarehe 25 Machi 2022. Niliianza bila kujua kama ni ya mapigano au ya mapenzi. (Ni yote mawili, ukiongeza nyimbo, vilio, chui na siasa.) Mapema tu, askari mmoja wa serikali ya kikoloni anaruka uzio peke yake, anazama kwenye umati wenye hasira, ili amkamate mtu mmoja aliyerusha jiwe. Na anamkamata. Mwenye matarajio yake mkononi ataanza kunung'unika kwamba jambo hilo haliwezekani. Asiye nayo anasogeza kiti mbele.

Halafu linakuja daraja. Treni inalipuka, mto unashika moto, mtoto kazingirwa na ndimi za moto majini. Wanaume wawili wasiojuana, mmoja na farasi, mwenzake na pikipiki, wanaelewana kwa ishara za mikono tu. Wanajifunga kamba moja, kila mmoja anajirusha upande wake wa daraja, na wanamwokoa mtoto wakipishana hewani. Wanashikana mikono, na hapo ndipo jina la filamu linapojitokeza kwenye kioo, yapata dakika 40 tangu ianze. Picha nyingine zikitumia baruti kiasi hicho huwa zinakaribia mwisho. Hii ndiyo kwanza inabisha hodi.

Nguvu hiyo haitokani na milipuko peke yake. Rajamouli haoni haya. Urafiki kwake ni urafiki wa kufa na kuzikana, machozi ni machozi, na steringi akikasirika hata wanyama wa porini wanashushwa kwenye lori kuja kumsaidia. Mwongozaji mwingine angekuwekea kicheko pembeni akuombe radhi kwa chumvi aliyozidisha. Huyu anaongeza chumvi.

Tazama ngoma ya "Naatu Naatu", iliyopata Oscar ya wimbo bora mwaka 2023. Ilipigwa picha Kyiv, Ukraine, mwaka 2021, mbele ya Ikulu ya Mariinskyi, miezi michache kabla ya uvamizi wa Urusi. Kwenye hadithi, Mzungu mmoja anawadhihaki Wahindi kwamba hawajui kucheza. Masteringi wawili, Ram Charan na N.T. Rama Rao Jr., wanamjibu kwa miguu, mpaka Wazungu wanaanguka mmoja mmoja kwa uchovu, wakabaki marafiki wawili wakishindana wenyewe. Mmoja anajifanya kaumia ili mwenzake ashinde mbele ya binti anayempenda. (Ningefuata ushauri wangu mwenyewe, hilo nisingekwambia.) Vumbi lote lile, kumbe lilikuwa linatupeleka kwenye tendo dogo la upendo, na anayelipokea vizuri ni yule ambaye hakuwa akilisubiri.

Utazamaji huu si mgeni kwetu. Awara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951 na Mother India ya 1957 zilipendwa mno Zanzibar na Dar es Salaam, na wengi waliozililia hawakujua Kihindi. Baadaye vikaja vibanda umiza, na sauti ya msimulizi Lufufu ikitusimulia picha kwa Kiswahili, na mara nyingi usimulizi ulikuwa mtamu kuliko picha yenyewe. Ulilipa, ukabanana kwenye benchi, ukamtafuta steringi. Nani aliuliza filamu ilipata nyota ngapi?

Kutotarajia, hata hivyo, si kufumba macho. RRR inawachukua mashujaa wawili wa kweli, Alluri Sitarama Raju aliyeuawa mwaka 1924 na Komaram Bheem aliyeuawa mwaka 1940, na kuwabunia urafiki. Ubunifu huo sina ugomvi nao. Nina ugomvi na mwisho. Bheem, mtu wa jamii ya Gond, anaonyeshwa akimwomba Raju amfundishe kusoma na kuandika, kisha Raju anaandika kwenye bendera madai ya maji, msitu na ardhi. Madai hayo kwa desturi huhusishwa na Bheem mwenyewe! Filamu imempokonya mtu wa msituni kauli yake ikampa mwalimu wake, na Wahindi wenyewe waliokemea namna alivyochorwa hawakukosea. Lakini hoja hiyo niliijenga baada ya kutazama, kwa kilichokuwemo kwenye picha, si kwa uvumi niliokwenda nao.

Basi kama hujaitazama, usiende kutafuta kionjo chake, na safu hii imeshakumegea ya kutosha. Itazame kwenye kioo kikubwa kuliko simu, pamoja na watu wasioona aibu kupiga kelele. Ina zaidi ya saa tatu, kwa hiyo kula kwanza.