Semina ya Mtandaoni kwa Waandishi wa Kitaaluma: Funzo la Vikundi vya Kusikiliza Redio

1.0 Utangulizi

Tangu vyuo vikuu vya Tanzania vilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, na hata baada ya kufunguliwa tena tarehe 1 Juni mwaka huohuo, mikutano mingi ya kuwafunza wanataaluma uandishi wa makala imehamia mtandaoni. Mhadhiri msaidizi aliyeko Songea sasa aweza kumsikiliza mhariri wa jarida aliyeko Dar es Salaam bila kulipa nauli wala kulala gesti. Hiyo ni neema isiyopingika. Swali linalofaa kuulizwa ni kama neema hiyo inazaa makala.

Suala hili si la mitambo tu. Mwalimu wa chuo cha ualimu huko Pangani aweza kuwa na daftari zima la maneno ya Kimtang'ata aliyoyakusanya kwa wazee. Asipopata wa kumwonyesha jinsi ya kugeuza daftari hilo kuwa hoja, ikisiri na makala, data hizo hubaki sandukuni. Na wazee wale wakishafariki, hakuna atakayeweza kuzikusanya upya. Makala haya yanadai kwamba semina nyingi za mtandaoni kwa waandishi hupangwa kama matangazo, si kama mafunzo, na kwamba dawa ya kasoro hiyo ilikwisha kujaribiwa nchini Tanzania zaidi ya nusu karne iliyopita.

2.0 Jina na Desturi

Jina lenyewe halijatulia. Wapo wasemao webina, kwa kulitohoa neno la Kiingereza lililoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1990. Wapo wasemao semina mtandao. Na wapo wasemao semina ya mtandaoni. Makala haya yanatumia istilahi ya tatu kwa kuwa msikilizaji huielewa bila kufafanuliwa. Hata hivyo, istilahi hiyo ina mtego. Katika matumizi ya Tanzania, neno semina limezoea kubeba maana ya kikao ambamo mkubwa huzungumza na wadogo huandika. Kirai semina elekezi ni ushahidi wa kutosha.

Desturi hiyo ilipoingia mtandaoni ilizidi kuota mizizi, kwani mzungumzaji hawaoni tena wanaosinzia. Huzungumza saa nzima na nusu, maelezo yake yakiwa ya Kiswahili na slaidi zake za Kiingereza. Dakika tano za mwisho huachiwa maswali, nayo mara nyingi huwa pongezi. Mshiriki huondoka na cheti, lakini hana hata sentensi moja aliyoiandika. Muuza vitenge wa Kariakoo asingepata riziki kwa mtindo huo. Mnunuzi wake huuliza, hushika kitambaa, hupinga bei, huondoka, huitwa, hurudi. Na katika kwenda na kurudi huko kila upande hupata kujua mwenzake anataka nini.

3.0 Funzo la Mwaka 1973

Si mbali na soko hilo, katika Barabara ya Bibi Titi Mohamed, yapo makao makuu ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanza mwaka 1960 kama tawi la Chuo Kikuu cha Makerere. Mwaka 1973 taasisi hiyo ilishirikiana na Wizara ya Afya na vyombo vingine kuendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa muda wa wiki 12, watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi nchini kote na kusikiliza vipindi vya Radio Tanzania Dar es Salaam.

Chombo hicho kilikuwa na upungufu mkubwa kuliko mtandao wa leo: msikilizaji hakuweza kumuuliza mtangazaji chochote. Waratibu waliuziba upungufu huo kwa mambo matatu. La kwanza ni matini: kilitolewa kitabu cha lugha nyepesi kilichokwenda sambamba na vipindi. La pili ni kiongozi: watu wapatao 75,000 walipewa mafunzo mafupi ya kuongoza vikundi kabla ya kampeni kuanza. La tatu ni tendo: redio ilipozimwa, kikundi kilijadili na kuamua la kufanya, kama vile kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Tathmini nayo haikukomea kuhesabu waliosikiliza; iliangalia vyoo vilivyochimbwa. Hapo ndipo lilipo funzo. Redio ilikuwa sehemu moja tu ya somo.

4.0 Kupanga na Kuendesha

Semina ya waandishi ikipangwa kwa kufuata mfano huo, jambo la kwanza ni kuipunguza. "Uandishi wa makala za kitaaluma" si mada ya kikao kimoja. "Kuandika ikisiri ya maneno 200" ni mada. "Kumjibu mhakiki aliyeikataa hoja" ni mada nyingine. Wiki moja kabla ya kikao, washiriki wapelekewe matini ya kurasa mbili au tatu, katika faili jepesi linaloweza kuchapwa kwenye duka lolote la kutoa kopi, nao waje na rasimu zao. Atakayekatikiwa na umeme au kuishiwa bando bado atakuwa na somo mkononi. Tahadhari hii si ya kinadharia. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu katika nyaya za EASSy na Seacom zilizo chini ya bahari ilivuruga intaneti Tanzania na nchi jirani.

Pili, mwaliko upelekwe kwa vikundi kabla ya watu binafsi. Washiriki watano hadi wanane wakikaa mbele ya kompyuta moja hutumia bando moja, na akiwapo kiongozi aliyeisoma matini mapema, mwenye haya hupata wa kumuuliza. Mwanafunzi wa uzamili aliyepanga chumba Kariakoo, ambako vipaza sauti vya maduka hutangaza bei kutwa nzima, hawezi kuzungumza kikaoni akasikika. Lakini mwendo mfupi kutoka hapo ipo Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1967. Mahali kama hapo ndipo panapofaa kuwa kituo cha kikundi cha katikati ya jiji.

Tatu, muda ugawanywe kwa haki. Mzungumzaji apewe dakika 20. Kisha sauti ifungwe kwa dakika 25, vikundi vibadilishane rasimu na kusahihishana. Dakika 30 zinazobaki ziwe za vikundi kuuliza na mzungumzaji kujibu. Mzungumzaji asiachiwe kazi yote: awepo mwongoza kikao, fundi wa mitambo, na mtu wa kusoma maswali yaliyoandikwa.

Nne, lugha ya kikao iwe moja. Semina ya kufundisha kuandika kwa Kiswahili haina budi kuonyesha ikisiri, marejeleo na hitimisho kwa Kiswahili, la sivyo mwandishi hujifunza kufikiri kwa lugha moja na kutafsiri kwa nyingine. Hata saa ni suala la lugha. Tangazo la Kiswahili husema saa 4 asubuhi, programu ya mikutano huandika 10:00, na mgeni asiyezoea hesabu ya Waswahili huweza kuingia kikaoni kabla ya alfajiri. Wakati huohuo Bukavu ni saa 3, Muscat ni saa 5, na Bayreuth ni saa 3 au saa 2 kutegemea majira ya mwaka. Tangazo liandike hesabu zote mbili na litaje miji.

Yupo atakayepinga kwamba faida ya mtandao ni kumwezesha kila mtu kushiriki akiwa kwake, na kwamba vikundi vinaturudisha nyuma. Hoja hiyo ina uzito kwa mama anayenyonyesha au kwa mtafiti aliye peke yake ughaibuni. Hao waunganishwe katika vikundi vya simu, wasomeane rasimu kwa maandishi na sauti zilizorekodiwa. Kinachotetewa hapa si kukaa chumba kimoja. Kinachotetewa ni kila mshiriki kuwa na mtu anayeisubiri rasimu yake.

5.0 Hitimisho

Waandaaji wa semina za mtandaoni hupenda kutaja idadi ya walioingia na ya vyeti vilivyotolewa. Takwimu hizo ni sawa na kuhesabu redio zilizowashwa mwaka 1973. Yafaa kila semina ipimwe baada ya miezi sita kwa maswali mawili: ni rasimu ngapi zimefika kwa wahariri, na ni ngapi zimetoka kwa watu ambao hawajawahi kuchapisha kabla. Idara itakayokubali kupimwa hivyo itaona mapema semina zake zipi ni za kuendelezwa na zipi ni za kuachwa. Mwalimu wa Pangani naye atakuwa na sababu ya kulitoa daftari lake sandukuni.