Vua Jezi, Mgeni Amefika

Wiki mbili zilizopita ujumbe uliingia kwenye kundi letu la WhatsApp, sisi tuliotoka parokia moja kule Makueni na sasa tunaishi Nairobi. Kila mmoja atume shilingi 1,000. Mashindano ya dekania yanakaribia, jezi za mwaka jana zimepauka, na safari hii, ndugu zangu, lazima kombe lirudi nyumbani. Chini yake mikono ya sala, ndimi za moto na mpira.

Nikaandika: "Sitatuma. Kwanza niambieni mwaka jana ni watoto wangapi walicheza."

Nimeitwa majina. Mmoja ameniuliza kama nimehamia kanisa lingine. Mwingine, tuliyepokea naye Komunyo ya kwanza siku moja, ameandika ati Nairobi imenifanya mjuaji. Sawa tu. Kwenye kundi huwezi kueleza jambo refu kabla mtu hajakutumia stika ya mbuzi, kwa hivyo jibu langu ni hili hapa.

Nilikuwa na miaka 15. Timu yetu ya parokia ilikuwa na beki wa kulia tuliyemwita Beki, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfikiria mahali pengine. Alitoka kigango cha mbali kuliko vyote, kilomita 9 kwa miguu. Kabla ya kuanza safari alikuwa amekwisha kupeleka punda mtoni na kurudisha mitungi minne ya maji. Mchezaji hodari hakuwa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa wa kusimamia tu. Lakini kila Jumamosi ya likizo alifika wa kwanza, na mara nyingi ndiye aliyefukuza ng'ombe uwanjani ili tuanze.

Siku ya fainali, saa nane mchana, Probox ilisimama kando ya uwanja wakashuka vijana wanne. Tuliwajua. Walichezea timu ya mji mmoja wa barabarani, Mombasa Road, na hatukuwahi kuwaona kwenye misa. Msimamizi wetu akatazama benchi. Jezi zilikuwa 16 na zote zilikuwa na watu ndani. Akanyoosha kidole: "Wewe, vua jezi. Mgeni amefika."

Beki akavua. Akaikunja vizuri, kama mtu anayerudisha kitu cha watu, akavaa shati lake la shule. Tulishinda 2-1, na mabao yote mawili yalifungwa na wageni. Mimi niliingia dakika 20 za mwisho, na kwenye picha niko mstari wa mbele, mkono wangu umeshika kombe. Jumapili iliyofuata kombe liliwekwa karibu na altare na kanisa zima likapiga makofi. Beki hakuwepo. Jumamosi hakuja mazoezini, na baadaye hakuja hata Jumapili.

Siku hizi nikishuka nyumbani namkuta kwenye steji ya bodaboda, shavu limejaa muguka. Sisemi jezi ndiyo iliyompeleka huko. Maisha ya mtu yana njia nyingi, na bodaboda ni kazi. Ninachosema ni kwamba parokia ilikuwa mlango mmoja uliokuwa wazi kwake, na tuliufunga mbele ya umati, tukashangilia.

Sasa tuzungumze kuhusu hicho tunachokiita programu ya michezo ya vijana. Kwenye karatasi ni kitu kizuri mno. Jumuiya ndogo ndogo zinaungana kuwa kigango, vigango vinafanya parokia, parokia zinakutana kwenye dekania, na dekania kwenye jimbo. Hakuna serikali, hakuna chama cha kandanda, chenye mtandao wa namna hiyo unaofika hadi kwenye boma la mwisho kabla ya pori. Ukitaka kuwafikia watoto wote wa kata moja kwa wiki moja, tangaza baada ya misa.

Halafu tunautumia mtandao huo kufanya nini? Siku mbili za Agosti. Vikosi vinaitwa wiki tatu kabla, mamluki wanatafutwa, mwenyekiti wa jumuiya anaandika barua kuthibitisha kwamba mtu asiyemjua ni muumini wake. Nimemwona mchezaji "wetu" aliyeambiwa amtazame mwenzake wakati wa sala kwa sababu hakujua ishara ya msalaba inaanzia wapi. Wanalipwa, na kwenye hesabu malipo yao yanaandikwa "usafiri". Kombe likishapatikana linaingia ofisini, mpira unafungiwa stoo ya katekista, na programu inalala hadi Agosti nyingine.

Na wasichana? Wao ni netiboli ya kusubirishia. Nilihudhuria fainali moja ambapo vipindi vyao vilikatwa hadi dakika saba saba kwa sababu mgeni wa heshima, mwanasiasa, alikuwa amefika na jua linazama. Alihutubia dakika 40. Wasichana wale wale walikuwa wameamka alfajiri kupika muthokoi wa timu zote, na jioni wakaosha sufuria. Ukiuliza mbona, unaambiwa hawapendi michezo. Kwani nani amewahi kuwapa mechi nzima?

Kuna jambo zito zaidi. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya Wakatoliki wa Mwingi na abiria wengine waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na mto Enziu uliofurika. Zaidi ya watu 30 walikufa. Siwataji marehemu hao ili nishinde mjadala wa mpira. Nawataja kwa sababu baada ya siku ile nilidhani kila parokia ya Ukambani ingeuliza, kabla ya safari yoyote: dereva ni nani, gari ni gani, limebeba wangapi, nani ana orodha ya majina? Mwaka uliofuata niliwaona watoto wa timu yetu nyuma ya lori la mchanga, wamesimama, wanaimba. Hakukuwa na orodha. Pesa za basi zilikuwa zimeenda kwa wageni wanne.

Najua mtaniambia nini, kwa sababu nimeambiwa tayari.

Wa kwanza ni mjomba wangu, katekista upande wa Kitui, mtu ninayemheshimu. Nilimpigia simu. "Mwanangu," akasema, "bila kombe hawaji. Padri ni mmoja, vigango ni vingi, pikipiki haina mafuta. Hizo siku mbili ndizo tulizo nazo." Namwelewa. Kaunti ya Kitui ina zaidi ya kilomita mraba 30,000, na anayeichora programu akiwa Nairobi ajaribu kwanza kutoka Mutomo hadi Kyuso kwa siku moja. Lakini si kweli kwamba hawaji bila kombe. Beki alikuja Jumamosi zote bila kombe lolote. Aliacha kuja siku kombe lilipofika. Tena mazoezi hayamhitaji padri. Yanahitaji mtu mzima mmoja anayeaminika katika kila kigango, filimbi, na mpira ambao haujafungiwa stoo.

Wa pili wanasema tunakuza vipaji, na vipaji ni lazima vichujwe. Halafu wanataja Iten. Haya, tuitaje vizuri. Bruda Colm O'Connell alifika shule ya St Patrick's mwaka 1976 kufundisha jiografia. Hakuwa kocha wa riadha. Alijifunza kazi hiyo pale pale, kwa kuwatazama wanafunzi siku baada ya siku. David Rudisha alipita mikononi mwake. Hiyo ni miongo ya mtu mmoja kukaa mahali pamoja. Kukodi vijana wanne kwa Probox kunahusianaje na hayo? Na kama ni vipaji vya kwetu, mkumbukeni Benson Masya, mtoto wa Kitui. Alianza na ndondi kabla ya kuwa mkimbiaji, na mwaka 1992 akashinda mbio za kwanza kabisa za dunia za nusu marathoni, kule Newcastle. Ni nani angemtazama bondia akaona bingwa wa barabarani? Mtoto wa miaka 13 hajulikani atakuwa nani. Ukimwacha kwenye benchi, unakuwa umeamua kabla yake.

Wa tatu wanamleta Mtakatifu Paulo, ati naye alisema wote hukimbia lakini mshindi ni mmoja. Someni mpaka mwisho, wapendwa. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba taji la uwanjani hukauka, na yeye anafukuzia jingine. Kama tungemsikiliza, kombe lisingewekwa karibu na altare. Vatikani yenyewe ilitoa hati kuhusu michezo mnamo Juni 2018, ikaonya kuhusu ufisadi michezoni na kuhusu kuwageuza wachezaji kuwa vyombo. Sijawahi kusikia hati hiyo ikitajwa kwenye tangazo lolote la mashindano yetu.

Ugonjwa huu haukuanzia Ukambani. Mwaka 1887, Glasgow, mtawa aliyeitwa Bruda Walfrid alianzisha timu ya mpira ili ipate pesa za kuwalisha watoto maskini wa mtaa wake, wengi wao wa familia za Waireland. Timu hiyo ni Celtic. Mwaka 1892 Walfrid alihamishiwa London, na kufikia 1897 klabu ilikuwa imegeuzwa kampuni yenye wanahisa. Vikombe viliendelea kuja. Sahani za watoto ndizo zilizosahaulika. Celtic angalau walipata uwanja na mamilioni ya mashabiki. Sisi tumeuza watoto wetu kwa kombe la plastiki lililopakwa rangi ya dhahabu.

Ninachotaka ni kidogo, na hakuna hata kimoja kinachohitaji mfadhili kutoka Ulaya.

Kila jina lililoandikishwa licheze angalau nusu ya mechi. Timu isiyofanya hivyo ihesabiwe imeshindwa, hata kama imefunga mabao 10. Mkikubali sheria hii moja, mamluki wanaisha wenyewe, kwa sababu hakuna atakayelipa pesa nyingi kwa nusu mechi.

Jezi impe aliyekuja mazoezini. Daftari la mahudhurio liwepo, na litawale kuliko jicho la msimamizi.

Wasichana wapate dakika sawa na wavulana, na mgeni wa heshima asubiri. Chakula kipikwe kwa zamu na timu zote, pamoja na wavulana. Hakuna mvulana wa Makueni aliyewahi kufa kwa kutwanga mahindi.

Hakuna mtoto kupanda lori. Gari liwe na viti, dereva ajulikane, orodha ya majina ibaki kwa mtu aliye nyumbani. Na kila mtu mzima anayepewa watoto wa wenyewe achunguzwe kwanza na wazazi waambiwe ni nani. Tuna Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Parokia si kisiwa.

Mwisho, hesabu. Siku ya harambee tunasoma kwa sauti jina la kila aliyetoa na kiasi alichotoa, hadi shilingi 50 za shosho. Kwa nini hatusomi matumizi? Bandikeni kwenye ubao wa matangazo: mipira mingapi, basi bei gani, nani alilipwa.

Jimbo la Wote lilizaliwa Julai 2023. Kabla ya hapo Wakatoliki wa Makueni walikuwa chini ya Machakos. Jimbo changa bado linachagua desturi zake, na hii ni nafasi ambayo Kitui, iliyo jimbo tangu 1963, haina kwa urahisi huo. Lakini sote, wa Kitui na wa Makueni, tunajua bwawa la mchanga linavyojengwa. Unainua ukuta kwenye mto mkavu, halafu unangoja. Mvua ya msimu huu inaleta mchanga kidogo, ya msimu ujao inaongeza, na baada ya miaka unachimba kwa mikono wakati wa kiangazi na maji yapo. Wazee wetu walijiunga kwenye vikundi vya mwethya wakabeba mawe ya kuta kama hizo bila kungoja makofi. Watu wenye subira hiyo wanashindwaje kusubiri mtoto ajifunze kupiga mguu wa kushoto?

Na wewe unayesoma hii ukiwa Rongai, Kasarani au Doha, usidhani hayakuhusu. Pesa ya mamluki ni yetu. Ni hiyo 1,000 unayotuma ukiwa kwenye matatu, bila kuuliza, kwa sababu ni ya kanisa na unataka kulala ukijua umefanya jambo jema. Uliza. Wakikutukana, uliza tena.

Desemba iliyopita Beki alinibeba kutoka steji hadi kwetu, akakataa nauli. Tulisimama kidogo kwake. Ana mtoto wa kiume, yuko Gredi ya 4. Alikuwa akipiga chupa ya plastiki ukutani na kuikimbilia, peke yake. Beki akacheka: "Huyu ni wa kushoto. Sijui ametoa wapi."

Kwa hivyo, mweka hazina, 1,000 yangu iko tayari kwenye simu, na nitaongeza mpira wa kupelekwa kigango kile cha kilomita 9. Nijibu tu swali moja hapa mbele ya wote. Mtoto huyu akifika uwanjani Agosti, atacheza, au ataambiwa avue?