Lawama kwa wauguzi: tazama wadi nzima

Msomaji, bila shaka umewahi kusikia, au hata kusema wewe mwenyewe, kwamba wauguzi wa siku hizi hawana utu. Malalamiko hayo hayakutoka hewani. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015 uliwauliza akina mama 641 waliojifungua katika vituo 13 vya afya humu nchini jinsi walivyohudumiwa. Mmoja kati ya kila watano alisema alidharauliwa au kudhulumiwa. Hili si jambo dogo, kwa sababu mama aliyetukanwa hospitalini huenda mara ya pili akaamua kujifungulia nyumbani, na akivuja damu huko hakuna wa kumwokoa.

Hata hivyo, tukimkemea muuguzi peke yake tutakuwa tumefanya nusu ya kazi. Chukua kisa cha Bungoma. Mnamo Agosti 2013, miezi miwili tu baada ya serikali kutangaza kuwa akina mama watajifungua bila malipo katika hospitali za umma, mama mmoja alijifungulia sakafuni kwa kuwa vitanda vya kujifungulia vilikuwa vimejaa. Wauguzi walimzaba makofi na kumtusi. Mnamo Machi 2018 Mahakama Kuu iliamuru alipwe fidia ya Sh2.5 milioni na aombwe msamaha. Lakini haikuishia kwa wauguzi. Serikali ya kitaifa na ile ya kaunti pia zilipatikana na makosa kwa kutotekeleza wajibu wao kuhusu huduma kwa akina mama.

Kofi halina udhuru hata wadi ikijaa namna gani. Lakini kuna mambo mengine ambayo hayatokani na moyo mbaya. Muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku na wagonjwa arobaini atatoa dawa, atabadilisha dripu, na kukipambazuka atajaza faili kwa kukisia. Au hatajaza. Maneno ya upole nayo huwa yameisha zamani.

Ukiniuliza jambo linaloathiri zaidi mwenendo wa wauguzi, nitakujibu bila kusita: ni yule anayesimamia wadi. Utaona wadi mbili katika hospitali moja, mishahara ile ile, upungufu ule ule wa glavu, lakini katika moja mgonjwa anaitwa kwa jina lake na katika nyingine anaitwa "kitanda cha sita". Msimamizi hodari huhakikisha ripoti ya kubadilishana zamu inatolewa kando ya kitanda cha mgonjwa, si kwenye chumba cha chai. Muuguzi aliyekosea dawa humwendea mapema bila hofu, na mgonjwa akapona. Mwanafunzi anayetumwa katika wadi kama hiyo hujifunza zaidi ya yaliyo vitabuni. Akitumwa kwa msimamizi wa matusi, atajifunza matusi.

Mishahara nayo ina nafasi yake. Mgomo wa 2017 ulianza Juni ukaisha Novemba, na wananchi maskini ndio walioumia. Mtu anayeahidiwa kila mwaka na asilipwe huanza kuhesabu saa tu, akingoja zamu iishe.

Nawe msomaji, acha kupenyeza noti ili mgonjwa wako atazamwe kwanza, kwani ni wewe unayemharibu huyo unayemlaumu. Ukitendewa vibaya, uliza jina la muuguzi, andika tarehe na saa, kisha umwone msimamizi wa wadi. Asipokusikiliza, peleka malalamiko kwa Baraza la Wauguzi la Kenya. Hilo ndilo linalowasajili wauguzi na kuwapa leseni, na lina uwezo wa kuwaadhibu. Usiende kupiga kelele koridoni: wagonjwa wengine wamelala.