Muziki Si Anasa ya Masikio

Katika kitabu chake cha mwaka 1997, mwanasaikolojia Steven Pinker alidai kuwa muziki ni anasa tu ya masikio, ambayo ikitoweka maisha ya binadamu hayatabadilika sana. Dai hilo halisimami: mapitio ya tafiti 9 yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2017 yalionesha kuwa tiba ya muziki, yaani kuimba, kupiga ala au kusikiliza pamoja na mtaalamu, ikiongezwa kwenye matibabu ya kawaida hupunguza dalili za sonona kwa muda mfupi. Tena hoja ya Pinker inamfanya msikilizaji kuwa mpokeaji tu wa raha, ilhali katika taarabu ya Zanzibar mwanamke mwenye dukuduku huinuka ubeti unapomgusa, akamwendea mwimbaji kwa madaha na kumtunza pesa mbele ya hadhira, akiutoa, bila kutamka neno, uchungu ambao nyumbani asingethubutu kuutaja.